Baitulmali na Daftari la Duka

Asimamaye asubuhi mbele ya duka lolote la mtaa huko Kisumu Ndogo au Muyeye, hapa Malindi, akaangalia kwa utulivu namna watu wanunuavyo, ataona ada ambayo wenyeji hawaistaajabii tena: huyu ataka mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, na yule kibaba cha unga, wa tatu ataka robo ya sukari na majani ya chai yaliyokunjwa katika kijikaratasi, na wa nne hakuja na fedha yoyote ila jina lake, ambalo mwenye duka hulitafuta katika daftari lililochakaa pembe, akalipata, akaliongezea tarakimu nyingine chini ya zile za juzi na jana. Mwendo mfupi kutoka hapo ziko supamaketi zenye taa nyeupe na hewa baridi, ambamo mwenye mshahara hununua unga wa pakiti, mafuta ya lita tatu na sukari ya mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Ukizipiga hesabu za watu hawa wawili kilo kwa kilo, utakuta aghalabu kwamba mwenye kidogo ndiye alipaye zaidi, kwani kila kipimo kidogo hubeba juu yake gharama ya kupimwa, ya kufungwa na ya kungojewa deni.

Kutokana na dhulma hiyo, ambayo hakuna mtu mmoja aliyeikusudia, huzuka suala ambalo linasemwa leo katika miji mingi ya dunia, nalo ni hili: je, yapasa fedha za umma zitumike kulitegemeza duka la vyakula katikati ya mji, ama kwa serikali kulimiliki na kuliendesha yenyewe, ama kwa kumpa mfanyabiashara ruzuku ili auze kwa bei rahisi? Huko New York, Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 na kuchaguliwa kuwa meya mwezi wa Novemba 2025, aliwaahidi wapiga kura wake maduka matano ya vyakula yatakayokuwa mali ya mji. Mwaka huo huo, katika mji wa Kansas City, supamaketi iliyokuwa ndani ya majengo yaliyonunuliwa na mji, na ambayo ilikuwa imemeza mamilioni ya dola za walipa kodi, ilifunga milango yake mwezi wa Agosti baada ya rafu zake kubaki tupu kwa muda mrefu. Wenzetu wa Marekani wanalijadili jambo hili kama kwamba ni jipya. Sisi wa pwani hii, na ndugu zetu wa Tanganyika na Unguja, tumekwisha kulijaribu kwa namna zote mbili, na tuna haki ya kuitoa rai yetu kwa ujuzi na si kwa dhana.

Malindi haikuwa mji wa njaa. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498 alipata vyakula vya safari na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Na baada ya mji kudhoofika kwa karne nyingi, Sayyid Majid wa Unguja aliufufua katika miaka ya 1860 kwa kuleta walowezi na askari, mashamba yakafyekwa, na mtama na ufuta wa Malindi ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni kwa wingi hata pwani nzima ikautaja mji huu kuwa ghala la nafaka. Lakini ghala hilo lililimwa kwa jasho la watumwa. Waliopanda na kuvuna nafaka iliyolisha miji ya ng'ambo hawakuwa na amri juu ya kibaba kimoja cha mavuno yale. Ndiyo maana mtu wa Malindi hapaswi kuhitaji sana kufundishwa lile alilolithibitisha Amartya Sen katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, kwamba watu huweza kufa njaa hali chakula kipo, kwa kuwa hawana njia ya kukifikia. Jambo la kuuliza kwanza basi si kwamba chakula kiko wapi, bali ni nani mwenye uwezo wa kukichukua.

Nyuma ya mji, kwa Wagiriama, kumbukumbu ya mkono wa serikali katika chakula imo ndani ya majina ya njaa zenyewe. Ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, iliyowapiga tangu mwaka 1898, wazee waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka yaliyoletwa kutoka nje kuwaokoa watu. Miaka isiyozidi kumi na sita baadaye, mwaka 1914, serikali hiyo hiyo ya Waingereza iliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, yaani kutoka katika mashamba yao yenye rutuba kuliko yote, na kuzichoma nyumba zao, katika vita ambavyo jina la Mekatilili wa Menza, kiongozi wao, halitenganiki navyo. Mkono uliogawa magunia ndio uliowanyang'anya watu ardhi ambayo ingewafanya wasiyahitaji. Nalikumbusha hili si kwa kuamsha uchungu wa kale, bali kwa kuwa kila mara nisikiapo ruzuku ya chakula ikitangazwa kwa shangwe, mimi huuliza ni kitu gani kingine kinachoondolewa kwa kimya.

Serikali huru ya Kenya iliingia dukani mapema. Mwaka 1965 iliundwa KNTC, shirika la taifa la biashara, lishike ugawaji wa bidhaa za lazima kama sukari. Na mwaka 1975 KNTC ikiungana na ICDC, shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, na Kenya Wine Agencies ikazaa Uchumi, supamaketi ya umma, madhumuni yake yakiwa kuwafikishia wananchi bidhaa kwa bei ya insafu na kuvipa viwanda vya nchi mahali pa kuuzia. Wataliani wa kampuni ya Standa ndio waliopewa kwanza kazi ya kuiendesha na kuwafundisha wenyeji. Na lazima tuseme kweli: kwa miaka mingi Uchumi ilikuwa fahari, wako watu wa makamo leo ambao walijifunza maana ya neno supamaketi ndani ya milango yake, na wako watengenezaji wa sabuni na wa maziwa ambao hawangepata rafu kwingine. Lakini hisa zake zikauzwa sokoni Nairobi mwaka 1992, na tarehe 1 Juni 2006 maduka yakafungwa kwa wingi wa madeni. Serikali ikaiokoa, ikafufuka, hisa zake zikarudi sokoni mwaka 2011, kisha mwaka 2015 ikaanguka kitandani tena, ikayafunga matawi ya Uganda na Tanzania, na serikali ikaahidi mkopo mwingine wa shilingi bilioni 1.2, ambao haukuirudishia afya yake wala haukuwatosha wauzaji waliokuwa wakiidai.

Hebu tuzingatie fedha zile zilitoka kwa nani. Mama wa kijijini Ganze anunuaye kibiriti na muda wa maongezi wa simu hulipa kodi, na sehemu ya kodi yake ilikwenda kuokoa duka ambalo hakuwahi kulikanyaga wala hangepata nauli ya kulifikia. Kwa upande mwingine, Nakumatt, ambayo ilikuwa mali ya watu binafsi na yenye tawi hata hapa Malindi, ilianguka kwa kishindo kikubwa zaidi, na mwezi wa Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifutwe. Hasara ilikuwa kubwa kwa wafanyakazi na kwa walioiuzia kwa deni, nami siidharau. Walakini hakuna mtaa wa Malindi uliolala njaa kwa sababu Nakumatt imefungwa. Wengine waliingia katika biashara ile, na kibaba cha Muyeye kiliendelea kupimwa kama kilivyopimwa jana yake. Duka kubwa la mjini likifa, wafanyabiashara hulirithi wenyewe.

Ndugu zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi, wakiwa na nia ambayo hakuna awezaye kuitilia shaka. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mwenye duka wa zamani, awe Mshihiri au Mhindi au Mnyamwezi, alikuwa na mambo matatu ambayo amri haikuweza kuyarithisha: alijua nani atalipa, alijua gari la nani litapita lini, na alikuwa tayari kufungua dirisha saa nne za usiku mtoto atumwapo mafuta ya taa. Maduka mapya yalipata jengo na mizani, ujuzi ule hayakuupata. Upungufu ukaenea hata serikali yenyewe ikalazimika kuilegeza amri. Miaka saba baadaye, mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walizitupa bidhaa barabarani usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Sokoine alikuwa mtu mwadilifu, na wengi walimpenda kwa haki. Lakini nchi ambamo sabuni hutupwa gizani ili isionekane si nchi iliyomkaribishia maskini sabuni.

Iko namna nyingine ya ruzuku ambayo haiendi dukani bali huenda katika bei. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliteremsha pakiti ya unga wa mahindi wa kilo mbili hadi shilingi 90. Na mwezi wa Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi, bei iliyokuwa imepita shilingi 200 ikaamriwa iwe 100. Tunaokumbuka siku zile twajua kilichotokea: bei ilishuka kwa tangazo, na pakiti zikapotea rafuni. Aliyekuwa na gari na simu za marafiki mjini alizipata kwa katoni. Aliyekwenda kwa miguu baada ya kazi alikuta pengo. Tena ruzuku ile ilikuwa ya unga wa kukobolewa uliotiwa katika pakiti, na wala haikumgusa yule abebaye mahindi yake kichwani hadi kinu cha posho, ambaye ndiye aliye wengi huko Magarini na Ganze. Rais William Ruto, akiapishwa tarehe 13 Septemba 2022, alisema kwamba ruzuku hiyo ya unga ilikula shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila ya kuonekana tija. Walakini haukupita muda KNTC ikapewa kazi ya kuagiza mafuta ya kupikia bila ushuru ili bei ipungue, na biashara hiyo nayo ikaishia mbele ya kamati za Bunge kwa maswali ya ubora na ya fedha.

Sasa ni wajibu wa mwenye kuchambua kuzipa hoja za upande wa pili nguvu zake zote. Wanaotetea duka la umma husema kwamba soko huru halina huruma. Kwamba wenye mali huweza kupatana wapandishe bei, na mnunuzi mmoja mmoja hana la kufanya. Kwamba mji wa kitalii kama Malindi huvuta bei ya samaki na mboga kufuata mfuko wa mgeni, na mwenyeji hubaki akipigana mnada na hoteli kwa kilo moja ya changu. Yote haya ni kweli. Nao huongeza kwamba iko mitaa katika miji ya Marekani ambamo mtu huenda maili kadhaa bila ya kuona duka la mboga mbichi, na kwamba bila ya fedha za umma hakuna atakayefungua duka hapo.

Hapa ndipo ugonjwa wa miji ya Marekani na wetu unapoachana. Mitaa yetu haina uhaba wa maduka. Kati ya Maweni na Barani huendi hatua hamsini bila ya kukuta kibanda cha mboga, meza ya nazi na muhogo, au dirisha lenye wavu wa chuma na mizani nyuma yake. Kisichokuwako ni fedha katika mfuko wa mnunuzi kwa miezi fulani ya mwaka, na gharama ndogo katika safari ya mzigo hadi dirishani. Nyanya na vitunguu vya Malindi, kwa sehemu kubwa, vimepanda gari mara mbili: kutoka mashamba ya Loitokitok au ya upande wa Tanzania hadi soko la Kongowea, Mombasa, kisha kwa pikapu au matatu hadi huku, kilomita mia na ushei, na katika kila kituo pana wa kupakua, wa kukata tiketi ya ushuru, na nyanya zilizopondeka ambazo lazima zilipiwe na zile zilizopona.

Na hasa nataka nilieleze lile daftari, kwa maana wachumi wengi hulipita bila ya kuliona. Masika yaingiapo, kuanzia Aprili hadi Juni, bahari huchafuka, wavuvi wadogo hawatoki kwa siku nyingi, hoteli nyingi hufunga au hubakisha walinzi na wafagizi, na vijana wa mahoteli hurudi makwao Kakuyuni, Gede na Jilore wakiwa na mishahara ya mwisho. Nyumba nyingi za Malindi huishi miezi hiyo kwa mkopo wa duka la mtaa. Mwenye duka hatozi riba. Hulipwa kwa kupandisha kidogo bei ya vitu vyote mwaka mzima, na kwa kulijua kila jina lililomo daftarini pamoja na mama wa mwenye jina hilo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoufunga utalii kwa mkupuo, madaftari hayo yaliwalisha watu kabla ya msaada wowote kuwasili. Hiyo ndiyo ruzuku ya chakula iliyo kubwa kuliko zote katika mji huu, nayo hutolewa na watu ambao wengine wao hawana hata leseni isiyokwisha muda.

Sasa weka duka la serikali katikati ya mji, lenye bei pungufu kwa fedha za umma. Haliwezi kukopesha, kwa sababu mkaguzi wa hesabu hatakubali deni lililoandikwa kwa jina la utani. Haliwezi kupima mafuta ya shilingi ishirini, kwa sababu mashine ya risiti haikuwekewa hilo. Litauza kwa fedha taslimu, na mwenye fedha taslimu atalikimbilia, naye hana kosa. Aliyebaki kwa mwenye duka wa Muyeye ni mdaiwa peke yake. Na duka lenye wadaiwa watupu haliishi mwaka. Ruzuku iliyonuiwa kumsaidia maskini itakuwa imempa nafuu mwenye mshahara, na itakuwa imeling'oa daftari ambalo maskini alikuwa akilala juu yake miezi ya masika. Kwa rai yangu hili ni dhara zito kuliko ubadhirifu wowote wa Uchumi, kwani fedha zilizopotea huweza kukusanywa tena, bali amana ya mtaa mzima haikusanywi kwa bajeti.

Je, basi serikali ikae kando? La, hata kidogo. Uislamu uliolea miji hii una mafunzo mapana juu ya soko: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoombwa awapangie watu bei wakati wa ughali alikataa asije akamdhulumu mtu, walakini alikemea ihtikari, yaani kuhodhi chakula ili kipande bei, na makhalifa baada yake waliweka muhtasibu apite sokoni akizitazama mizani. Wanachuoni waliokuja baadaye, na Ibn Taymiyya miongoni mwao, waliruhusu bei kupangwa pale wauzaji wanapofanya njama. Sipati mpaka ulio bora kuliko huo: umma usiuze unga, bali uilinde njia unga unakopita. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziwekea kaunti masoko, leseni za biashara na uadilifu wa biashara kuwa kazi yao, kwa hivyo hakuna wa kusema kwamba jambo hili ni la Nairobi.

Mvua ikinyesha, aendaye soko la Charo wa Mae pale Kilifi au masoko ya Malindi huona mahali ambapo fedha za umma zingetumika na kuonekana: paa lisilovuja, mfereji usiorudisha maji machafu chini ya meza za mchicha, bomba la maji, choo kinachofaa kwa mwanamke aliyekaa hapo tangu alfajiri, taa ya kumwezesha kuuza hadi magharibi, na chumba cha ubaridi ambamo samaki na nyanya zisizouzwa leo zitangoja kesho. Kila kilo isiyooza ni kilo isiyolazimika kuuzwa ghali, na nafuu hiyo humfikia kila mwenye meza na kila mnunuzi wa kibaba bila ya kumuua mwenye daftari. Tuongeze hapo ushuru wa kila siku unaotozwa muuza mboga, ambao ni mdogo kwa kaunti na mkubwa kwake. Kuusamehe kabisa kwa wale wa kapu moja kungekuwa ruzuku bora kuliko tangazo lolote la bei.

Mtu asiye na uwezo wa kununua hata kibaba hasaidiwi na duka la aina yoyote, la umma wala la binafsi. Huyo husaidiwa kwa fedha mkononi mwake, kama zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii wanazopewa wazee waliopita miaka 70, ambazo akizipata kwa wakati huzipeleka dirisha lile lile la mtaani na kulipunguza deni. Kuchelewa kwa fedha hizo kwa miezi ndiko kunakowarudisha wazee daftarini.

Niko tayari kukiri mahali pamoja ambapo rai yangu hulegea. Ganze na sehemu za juu za Magarini, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa mwaka 2020, hapakuwa na soko la kulindwa: ng'ombe walikuwa mizoga, na mwenye duka mwenyewe alikuwa amehama. Huko ghala la serikali lenye nafaka iliyonunuliwa wakati wa mavuno, na kufunguliwa kwa bei ya kiasi wakati wa ukame, ni lazima. Ekari milioni moja zilitajwa na mabilioni ya shilingi yakatumika katika mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu tangu mwaka 2014, kwa ahadi ya kuishibisha nchi kwa maji ya mto ule ule wa Sabaki ambao Wagiriama walifukuzwa ukingoni mwake. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ingejenga maghala ya kutosha Ganze yote, na kuyajaza.

Nazo embe za Malindi, ngowe, dodo na boribo, msimu wake ufikapo mwezi wa Disemba, hujazana kando ya barabara kutoka Gede hadi mjini kwa malundo, bei ikishuka hadi mkulima aone bora aziache chini ya mti kuliko kulipia mkokoteni. Na katika wiki hizo hizo mwanamke wa Muyeye hununua kipande kimoja cha embe lililokatwa, kwa shilingi kumi, kutoka kwa meza isiyo na kivuli, akakikabidhi kwa mtoto aliyefuatana naye, kisha akaenda dirishani kuuliza deni lake limefika wapi.